Mchinjaji Aliyekataza Supu ya Mifupa

Nthenya alikuwa amemwaga maji ya kwanza ya mbaazi na anatia ya pili, Kivuva mwenye duka alipofika mlangoni, kofia mkononi.

"Jikaze, Mama Mutunga. Wamepiga simu kutoka Nairobi. Baba Mutunga hatunaye."

Moyo wa mumewe, Muthama, ulikuwa umesimama akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ilikuwa Jumanne, mwaka 1996. Kufikia jioni boma lilijaa watu wa kanisa. Nthenya aliwatazama: hodari wa kuimba, wazito wa kusikia.

Muthama alikuwa mchinjaji wa soko la Mukuyuni. Figo zilipokufa, muuguzi mmoja alimweleza habari ya fosforasi. Imo ndani ya maziwa, maharagwe, supu ya mifupa na soda nyeusi. Figo nzima huitoa. Figo mbovu huiacha damuni, ikawasha ngozi, ikadhoofisha mifupa, ikakaza mishipa ya moyo. Dawa yake ni vidonge vyeupe kama chaki, vya kutafuna pamoja na chakula, ili viikamate tumboni kabla haijaingia damuni.

Siku asizokwenda Nairobi kwenye mashine alipanda basi kuwafundisha wagonjwa wenzake, kuanzia Kikima hadi Zombe. "Kidonge ni bawabu," aliwaambia. "Nani huweka bawabu mlangoni wezi wakishalala ndani?" Kavata wa Zombe, mama wa watoto watatu, alikuwa akijikuna hadi damu. Alipomsikiliza, akaanza kulala usiku.

Sokoni walimcheka. "Mchinjaji gani anakataza supu? Kesho atatuuzia mchicha!"

"Wewe kunywa, una figo mbili na domo moja," alijibu akikata nyama. "Mgonjwa wako asionje."

Lakini kwa kumpinga hakuna aliyemshinda Mzee Kiilu wa kanisa, mtu wa darasa la pili mwenye maoni ya profesa. Yeye aliwafundisha wagonjwa kumeza vidonge vyote alfajiri, tumbo likiwa tupu, ili mambo ya dawa yaishe na siku ibaki ya Bwana. Kana kwamba Mungu aliyeumba macho hawezi kuvumilia kuona kidonge saa saba mchana! Na kila alipomtembelea mgonjwa, alibeba maziwa.

Siku ya mazishi, Kiilu alisimama kando ya jeneza.

"Ndugu yetu alijinyima chakula cha Mungu," alisema. "Njaa ndiyo imemuua. Nyinyi wagonjwa, leo mle, mnywe, mpate nguvu."

Mwanamke mmoja akampa Kavata kikombe cha maziwa. Kavata akakipokea. Nthenya akainuka.

"Kavata, weka hicho chini."

"Mama Mutunga," Kiilu alisema, "mjane hukaa kimya."

"Nitakaa kimya akishazikwa. Mzee, alipoanza vidonge ulisema hatamaliza mwezi. Amemaliza miaka minne, na miaka hiyo hukumpa wewe. Kilichomuua ni figo. Kavata, mwanangu, una watoto watatu. Weka chini."

Kavata akaweka kikombe kwenye nyasi. Kiilu alitafuta aya ya kumjibu, akapekua Biblia mbele na nyuma, mchungaji akamwomba aketi.

Saa nane wakashusha jeneza kwa kamba. Mchungaji akaomba. Nthenya akatupa udongo, kisha watoto, kisha Ndululu, ndugu wa marehemu, akachukua koleo. Wanaume wakapokezana mpaka kaburi likajaa. Wakaimba wimbo mmoja, wakapanda msalaba wa mbao wenye jina lake.