Beringi za Mafuta ya Kondoo

Ndugu yangu mkubwa, bingwa wa kuwaamulia watu maisha yao, alikuwa ameamua kwamba baba yetu hawezi tena kuishi peke yake Isinya. Angehamia kwake Kitengela, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, akaote jua katika balkoni ya kuanikia soksi. Sababu aliyokuwa nayo ni moja: miguu ya baba haimfikishi tena kwenye kisima cha jirani, na kitrekta chake cha kuvutia maji kimekufa. Bila maji hakuna kukaa. Akampa mpaka Jumamosi, kama landilodi.

Kitrekta chenyewe kilizaliwa kukata nyasi za watu wenye nyasi. Huku kwetu nyasi ikichomoza, ng'ombe wa jirani huwa wameshaiona kabla yetu. Kwa hiyo baba alikitoa visu, akakifungia kitrela, na kikabeba mitungi ya maji miaka na miaka bila kulalamika. Sasa magurudumu ya mbele yalikuwa yameanza kuyumba kama mlevi, mpaka la kushoto likakwama kabisa hapo langoni. Ndugu yangu alitangaza kwamba la kuvunda halina ubani. Sikujua kama alimaanisha trekta au mzee.

Nilifika Alhamisi. Nikainyanyua ekseli kwa jeki, nikatoa klipu na washa zilizolishikilia gurudumu, nikalivuta. Kabla sijaona beringi niliona mbwa. Mbwa wote wa boma walikuwa wamejipanga nyuma yangu wakimeza mate. Ndipo harufu iliponifikia, na ilikuwa harufu ya nyama choma.

Nilimuuliza baba alipaka nini. Akajibu bila haya kwamba alipaka mafuta ya kondoo. Kwetu mafuta ya kondoo hutibu kikohozi, visigino na ngozi ya mtoto mchanga, kwa hiyo beringi ni nani hata ikatae? Kumbe yakiyeyuka kwa joto mbwa huyalamba, na yanayobaki hushika vumbi la Kajiado yakawa msasa. Gololi za ndani ya beringi zilikuwa zimesagika. Mzee alikuwa amejitengenezea mwenyewe sababu ya kuhamishwa.

"Hiyo grisi yenu ni mafuta ya nani?" aliniuliza. "Hii ya kondoo naijua. Kondoo nilichinja mimi."

Nikaenda Kitengela dukani, ambako muuzaji alitaka kujua beringi ni ya gari gani. Nikamwambia ni ya trekta ya kukata nyasi. Akatazama vumbi lililokuwa likipita mlangoni, akanitazama mimi, akanionea huruma. Kisha akailinganisha ile mbovu niliyobeba na za wilbaro, zikalingana.

Ijumaa nilizigonga za zamani zilizobaki kwenye magurudumu yote mawili kwa nondo kutoka ndani, upande huu na upande ule, mpaka zikatoka. Mpya nilizipigilia polepole kwa kipande cha paipu, nikigusa ukingo wa nje peke yake. Baba alikaa kwenye kreti akitoa maagizo ambayo hakuna aliyemwomba. Nilipogeuka kuchukua grisi nikamkuta ameshafungua kopo lake la mafuta ya kondoo. Nikamnyang'anya.

"Mama," aliniambia, kama anavyoniita mimi bintiye, "huko juu nitakuwa nangojea kufa nikiangalia soksi za watu."

Niliogopa. Nilirudisha gurudumu la mwisho kwa hasira ambayo haikuwa ya gurudumu, nikalizungusha. Halikutoa sauti yoyote.

Usiku huo mvua, iliyokuwa imesahau njia ya Isinya, ikaikumbuka. Jumamosi ndugu yangu akapiga simu: gari lake limezama kwenye udongo mweusi huko barabarani, tumtafutie msaada. Baba hakungoja nimalize kueleza. Aliwasha kitrekta, nikarukia nyuma, tukapita pembeni kwenye ardhi ya mawe bila gurudumu kuyumba hata kidogo.

Tulimkuta bwana mkubwa amesimama kando ya gari, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Kulivuta gari kulikuwa nje ya uwezo wetu, kwa hiyo baba alimwonyesha tu kitrela. Ndugu yangu akapanda akachuchumaa kati ya mitungi, nami kando yake nikiuma midomo nisicheke. Baba akageuka kumtazama.

"Shika hapo vizuri," akasema. "Ukianguka uvunjike, itabidi uhamie kwangu nikuangalie."