Joho na Marimba

Mjukuu alikuwa na siku tano. Siku ya saba angenyolewa na kupewa jina, na Nankoman Kante, mhunzi, alikuwa hajalitamka.

Jina lenyewe lilikuwako. Kwao, mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa babu yake, na marehemu baba yake Nankoman aliitwa Sumaoro. Lakini nani Mande nzima asiyemjua Sumaoro wa kale, mfalme mhunzi wa ukoo huohuo wa Kante, aliyeshindwa na Sunjata? Nankoman alimjua kama mtu anavyolijua jinamizi lake: macho mekundu, joho la ngozi za watu. Utotoni, watoto wa kina Keita, ukoo wa Sunjata, walipocheza vita kando ya mto, mfalme mbaya alikuwa yeye siku zote. Walimchoma kwa mshale wenye kipi cha jogoo, kama ule uliomwangusha mfalme, akaanguka, akafa, kisha akaenda nyumbani kula. Hakulia. Ila tangu hapo, kila alipoinamia maji ya kupozea chuma, aliyatafuta yale macho usoni mwake.

Leo amtwike hayo mtoto asiye na hata jino?

"Mla kunde! Umekufa au umepumzika? Mbona mivukuto kimya?"

Alikuwa Penda Sidibe, Mfulani muuza maziwa. Wafulani na wahunzi ni watani tangu enzi; kuitana mla kunde na mtumwa ndiyo salamu yao.

"Mtumwa wangu, weka maziwa, nenda zako."

"Mtumwa nani? Wewe niliyekununua kwa kibuyu cha mtindi, tena kilichochacha?" Akaketi juu ya kigogo. "Sema, kimekukwama nini kooni?"

Akamwambia. Penda akacheka hadi mtandio ukamdondoka.

"Uzee wote huu unaona joho tu! Na marimba je?"

"Marimba gani?"

"Si mfalme wenu alikuwa na marimba yake, hataki mtu ayaguse? Siku moja anarudi, anasikia mtu anayapiga. Kaingia na upanga! Yule mpigaji, babu wa kale wa huyu manju wetu Lansine, akaona kifo hicho, akageuza wimbo palepale, akamsifu. Basi, upanga chini, mfalme anachekelea kama mtoto: 'Rudia.'"

Nankoman alikuwa ameisikia habari hiyo mara mia, lakini sikuzote masikio yake yaliungoja mshale.

"Rudia," alisema polepole. Lilikuwa neno la baba yake. Mtu akilisifia jembe lake, mzee alitabasamu, "Hebu rudia," na mteja akaondoka na kisu cha nyongeza, bure. Mama aligomba hadi kaburini.

Siku ya saba, Lansine Kuyate, manju, alitega sikio. Nankoman akamnong'oneza. Manju akainua nyusi, kisha akaliita jina la Sumaoro mara tatu. Mzee Keita, mkuu wa kijiji, akakohoa.

"Haya, wenye kunde zificheni!" Penda akapaza sauti. "Mlaji karudi!"

Mzee Keita ndiye aliyeanza kucheka. Lansine akavuta marimba, akaimba ukoo wa Kante, vizazi kwa vizazi. Mtoto, kichwa kikimetameta, alipiga mwayo mapajani mwa babu yake. Macho yake yalikuwa meusi, na maziwa yalimkaukia mdomoni.

Wimbo ulipokoma Nankoman akainama mbele.

"Hebu rudia."

"Sehemu gani, baba?" manju akauliza.

"Ya marimba. Ile ya mshale ngoja kwanza aote meno."