Mama wa Altrasaundi

Nikiwasimulia hamtaniamini, lakini Mzee Anosisye wa Kawetele ana mapigo mawili: moja kifuani, jingine juu ya kitovu. Hilo la pili ni la mshipa mkuu wa damu uliovimba, na kila baada ya miezi sita yule mama wa altrasaundi hospitalini huupima kwa mashine yake. Ukifika sentimita tano na nusu, mzee anapasuliwa. Ukipasuka wenyewe, gari halimfikishi Mbeya. Na daktari alishasema, sigara ndiyo inayoulisha.

Mama huyo hupiga goti kidogo kumwamkia, kama walivyomfunza kwao, ila macho huyaweka tumboni, hata mzee hajui shikamoo ni ya nani. Huzima taa, kisha humpaka ute wa baridi. Hupima mara tatu, na kila mara huunong'oneza ukuta ile namba, kana kwamba kuna mtu ng'ambo anaiandika. Juzi ukungu ulikuwa umeziba dirisha, uso wake ukawaka kijani kwa mwanga wa kioo cha mashine.

"Umekua. Tano na milimita tatu. Bado unavuta, baba?"

"Mimi? Niliacha tangu Pasaka, mwanangu! Jirani akiwasha tu, natoka mbio hadi Isongole! Pakiti ya mwisho niliizika kwa mikono hii, kwaya ikaimba, mchungaji akasima—"

"Baba, nyamaza." Kiganja chake kilikuwa kimetulia juu ya kitovu. "Kila ukidanganya, mshipa huu unapiga haraka zaidi."