Charmi na Msiba Uliopanda Juu

Charmi binti Arvind alikuwa na kasoro moja ambayo Mchafukoge nzima iliijua: hawezi kuona kitu kimekaa vizuri akakiacha. Duka la baba yake la fotokopi alilipangua na kulipanga mpaka wateja wakachoka. Leo karatasi ziko mlangoni, kesho ziko nyuma ya mashine, na Mzee Arvind mwenyewe akiulizwa bahasha ziko wapi hujibu, "Muulize waziri wa ujenzi huyo hapo." Kwa hiyo alipoanzisha blogu ya mtaa, waliomfahamu walijua kwamba nayo haitapata raha.

Ilianza kama mchezo. Miaka ile kila mwenye chumba cha mbele Kariakoo alikuwa amefungua kitu, huyu duka la simu, yule intaneti kafe, na Charmi alikuwa na kompyuta dukani na muda mwingi wa kungoja wateja. Akawa anaandika nani amehama, nani ameoa, nani ameokota mkoba Msimbazi. Watu wakaipenda. Watoto wa Kariakoo walioko Muscat na London wakawa wanasoma habari za mtaa kabla ya kupiga mswaki. Na kilichosomwa kuliko vyote, tuseme ukweli, ni misiba. Harusi ukiikosa utataniwa siku mbili tatu, lakini msiba ukiukosa utalaumiwa mpaka uzeeni.

Wasomaji walipozidi, fujo nazo zikazidi, matusi huku na matapeli kule. Charmi akageuka hakimu. Asiye na jina hapiti, mwenye tusi hapiti, na maoni yenye namba ya simu mashine iyatupe yenyewe, maana hao ndio wale wa kuomba watumiwe pesa. Wapo walionuna. Mmoja aliandika, "Tangu lini Mhindi akatupangia cha kusema mtaani kwetu?" Charmi, aliyezaliwa Mchafukoge kama mama yake, aliyapitisha maoni hayo kama yalivyo, kwa kuwa yalikuwa na jina na hayakuwa na tusi. Lakini yalimkaa rohoni. Aliitaka blogu iwe ya wote, na alitaka na yeye ahesabiwe humo.

Katikati ya mwaka 2008 binamu yake Chintan akamletea sura mpya ya blogu. Habari yoyote ikipata maoni mapya, alisema, inapanda juu yenyewe. Tarehe zikasogezwa chini kabisa kwa maandishi madogo ya kijivu, maana Chintan aliona zinachafua ukurasa. Charmi akafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

Haukupita muda, mtu mmoja wa Muscat akasikia kwamba Bakili, fundi cherehani aliyewashonea watu suti Kariakoo nzima, amefariki. Alikuwa amefariki tangu mwaka uliotangulia. Yule bwana akaandika pole yake, na habari ikapanda hadi juu: MSIBA NYUMBANI KWA FUNDI BAKILI, BUGURUNI. Ndivyo tunavyoandika sisi. Tunataja nyumba kwanza, kwa sababu mtu anataka kujua aende wapi. Aliyefariki ni nani, utaambiwa hukohuko.

Sabaha, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, alikuwa amehudhuria msiba wa Bakili siku zote. Alipoona tangazo akajua kuna mwingine amefariki katika nyumba ileile. Alipiga simu kuuliza? Hata. Nani anapiga simu nyumba ya msiba kuuliza amekufa nani? Unafunga duka, unajitanda kanga, unabeba mkeka, unakwenda. Mengine utayajua ukishakaa. Akawapitia wenzake, wakaenda.

Mjane wa Bakili, Bi Mwanamkuu, alikuwa uani anachambua mchele. Mwanawe wa pekee, Mudi, alizamia meli zamani akaenda Sauzi, na tangu zilipotokea ghasia za kuwapiga wageni kule, simu yake haikupatikana tena. Mama huyo akainua uso akaona kundi la wanawake waliojitanda wanaingia wakilia. Hakuuliza. Alisema neno moja tu, "Mudi," akaanguka. Na wao waliposikia hivyo wakajua kumbe ni Mudi, wakazidi kulia. Mikeka ikatandikwa, majirani wakainjika maji, wanaume wakaanza kufika, akapatikana wa kusoma Yasini. Mama alimlilia mwanawe tangu mchana mpaka alasiri imepita, ndipo shemeji mmoja aliyetaka kujua kama maiti italetwa au itazikwa hukohuko akauliza habari imeletwa na nani. Watu wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeambiwa. Sabaha akajibu kwa sauti ndogo kwamba yeye ameona kwenye blogu ya Charmi.

Kesho yake Sabaha alisimama dukani kwa kina Charmi, hata salamu hakutoa.

"Charmi, wewe umetufanya nini?"

Alipomaliza kusimulia, Charmi alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mashine ya fotokopi. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kufichwa. Saa ileile alirudisha kila kitu kilivyokuwa, tarehe zikawa kubwa kuliko vichwa vya habari. Kisha akatafuta mahali pa kuifutilia mbali blogu yote.

"Utafuta baadaye," alisema Mzee Arvind. "Kwanza nenda kwa yule mama."

"Nikamwambie nini, baba?"

"Nenda kwanza. Maneno utayapata."

Buguruni alimkuta Bi Mwanamkuu amekaa barazani, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hiyo mashine?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Sina la kujitetea. Hiyo blogu naifunga kabisa."

Bi Mwanamkuu alimtazama vizuri. "Uifunge? Umemtoa mume wangu kaburini, watu wamefunga maduka yao wamekuja na mikeka. Aliye hai ndiye utashindwa kumtafuta? Usiifunge. Niletee Mudi."

Charmi angetukanwa angeona nafuu. Alirudi na picha ya Mudi akiwa amenyoa kipara, akaiweka juu kabisa, isishuke kwa lolote litakalotokea: anatafutwa na mama yake. Wasomaji wa Durban na Johannesburg wakaipeleka mbele, na maoni yakamiminika. Wengi walikuwa matapeli, kila mmoja amemwona Mudi na kila mmoja anataka nauli ya kumfuata. Wengine waliandika kwamba amekufa, na hao Charmi hakuwapitisha wala hakuwafuta. Aliwaweka akiba kwa hofu, asijue awafanye nini. Na tangu hapo mashine hakuiruhusu kutupa kitu. Chochote kilichoingia alikisoma mwenyewe, huku anawatolea watu fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Chintan alimcheka kwamba amerudi enzi za mawe.

"Enzi za mawe watu hawakuzikwa mara mbili," Charmi akamjibu.

Adhuhuri moja yakaingia maoni yasiyo na jina. Yalikuwa na namba ya simu ya Sauzi na maneno machache: "Nimeonyeshwa picha yangu. Simu waliniibia siku ya ghasia, namba zote zikapotea. Mwambieni mama niko mzima."

Kwa sheria zake za mwanzo, hayo yangetupwa jalalani na asijue hata kama yaliwahi kuja. Akayasoma tena na tena. Huenda ni tapeli aliyekuwa mjanja kuliko wenzake. Akiyapitisha, Kariakoo nzima itashangilia kabla mama mwenyewe hajajua, na yakiwa uongo, mama atalia upya. Akiyafuta, huenda anamfuta mtoto wa mtu. Alinunua vocha, akaandika namba ile kwenye kipande cha karatasi, akaenda Buguruni.

"Mama, sina hakika," alisema kabla hata ya kukaa, akamwonyesha ile namba. "Huenda ni mwizi. Sikutaka uisikie kwa watu."

"Piga."

Simu iliita mpaka Charmi akatamani isipokelewe. Ikapokelewa. Akamkabidhi Bi Mwanamkuu, naye akaishika kwa mikono miwili, akaisikiliza ile sauti mpaka akaijua.

"Tumekusomea Yasini, mpumbavu wewe," alisema, machozi yanashuka mpaka kidevuni. "Unanisikia, Mudi? Nimekulilia mchana kutwa na watu wote hawa."

Charmi akainuka ili amwachie nafasi na mwanawe. Hakufika mlangoni. Bi Mwanamkuu alimdaka mkono, akamvuta akae, akaendelea na simu yake.

"Hapana, sipo peke yangu," alisema. "Niko na mwanangu wa Mchafukoge. Ngoja nikupe umwamkie, ni dada yako mkubwa huyu."