Betri Inalala Kwangu

Siku hizi ukifika Sosiot na kuuliza boma la Gibson Kimutai, utaambiwa ni pale kwa yule mama wa mashini. Mama wa mashini si mimi. Ni Chepngeno, mke mwenzangu. Mimi ni yule mwingine.

Nitaeleza habari zake kama zilivyo, maana hakuna anayemjua kama mimi ninavyomjua. Mume wetu humwona akiwa ameshanawa uso na kufunga kitambaa. Mimi namwona tangu alfajiri anapokohoa mlangoni pake na kuita ng'ombe, kwa sababu kati ya nyumba yake na yangu kuna kamba ya kuanikia nguo tu. Najua anapoamka vibaya. Najua akipika maharagwe anatia chumvi mapema. Kicheko chake nakijua zaidi, maana ndicho kinachonifikia jioni nikiwa nimekaa peke yangu.

Alitoka upande wa Kabianga, ambako alikuwa na kibanda cha chapati karibu na chuo. Gibson alikuwa akipeleka maziwa huko kila asubuhi. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wangu, niliyemkamua mimi. Akawa anachelewa kurudi, nami nikadhani ni barabara, kwa vile mvua huku huharibu barabara. Siku aliyomleta nyumbani alimleta na godoro lake na sufuria tatu, akaniambia, "Mama Chepchirchir, huyu atakusaidia kazi." Pete ya kanisani ilikuwa kidoleni mwangu. Ipo hata sasa. Yeye Gibson tangu siku hiyo hukaa kiti cha nyuma kanisani na hutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Kitu kimoja nilibaki nacho, nacho ni chai ya juu. Kule mlimani, ambako mawe ni mengi kuliko udongo, nilipanda miche kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya Chepchirchir. Nilibeba miche kutoka kitaluni kando ya mto, nimeifunga kwa gunia mgongoni, tumbo mbele. Gibson wakati huo alikuwa kibarua katika mashamba makubwa na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nililima, nikapalilia, nikaipogoa mara ya kwanza kwa panga hadi mikono ikatoa damu. Sikuenda shule, na cheti sina, lakini nikisimama kwenye ile chai naona nilichofanya duniani.

Na katika kuchuma hakuna aliyenishinda. Chepngeno alipokuja alichuma kama mtu anayeng'oa manyoya ya kuku, vijiti na majani makuukuu yote kikapuni. Karani wa banda la kununulia majani alikuwa akimrudisha kando ya njia, anachambua huku watu wanapita. Mimi majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kikapu safi. Wanawake walisema, "Gibson aliongeza mke, hakuongeza mkono." Maneno hayo yalinilisha mwaka mzima.

Kisha mashini ikaja.

Iliuzwa na Onyiego, fundi wa Sotik, Mkisii mwenye maneno mengi na mikono safi. Aliileta kwa pikipiki, imefungwa kwa blanketi kama mtoto. Ni mashini ndogo ya kuchumia chai, yenye meno marefu mbele kama ya kitana na mfuko wa kupokelea majani nyuma. Haina kamba ya kuvuta wala petroli. Inakula betri, na betri hiyo unaibeba mgongoni katika mkoba wake, waya mmoja tu unashuka hadi mkononi. Betri zilikuja mbili, moja ifanye kazi, nyingine ipumzike.

Onyiego alisimama katikati ya boma akatufundisha. Kabla hujagusa meno kwa sababu yoyote, hata kama ni jani moja limenasa, chomoa waya, kwa maana meno hayajui kama wewe ni chai au kidole. Jioni, piga brashi utomvu ukiwa bado laini, tia matone ya mafuta kwenye meno. Mvua ikija, acha kazi. Betri ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuipa stima, na stima hiyo ni ya chaja yake yenyewe, si ya jirani. Mwisho akasema, "Na muiweke pakavu."

Gibson alikuwa akiongea kwa simu. Mimi nilikuwa nikipepeta maharagwe. Chepngeno alisimama mbele, akarudia kila neno, akauliza maswali. Kisha akaivaa ile betri mgongoni, na Gibson akamkaza mkanda kiunoni. Mimi nilibeba gunia la miche na mimba, na hakuna aliyenikaza mkanda.

Nilingoja akosee. Sitaficha. Lakini huyo mwanamke aliishika ile mashini kana kwamba alizaliwa nayo. Aliipitisha juu ya chai kama mtu anayepangusa meza, wala hakushuka chini kwenye majani makuukuu. Ikinasa, aliichomoa waya kwanza, akauweka waya begani ambako aliuona, ndipo akagusa meno. Jioni alikaa kizingitini na brashi na chupa ndogo ya mafuta, akiimba. Karani aliyekuwa akimrudisha sasa alimpigia saluti. Watu wakasahau kwamba aliwahi kuchambua vijiti kando ya njia. Mimi sikusahau, lakini hakuna aliyeniuliza.

Basi jioni moja Gibson akaja kwangu, jambo ambalo si la kila wiki. Akanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akafuta mdomo, akasema, "Mama Chepchirchir, umefanya kazi sana. Baridi hii ikiisha, ile ya juu nayo itachumwa na mashini. Wewe pumzika sasa."

Mtu akikunyang'anya kwa ukali unaweza kumpigia kelele majirani wasikie. Akikuambia pumzika utalia vipi? Nilimwambia ile ya juu ina mawe, mashini itavunjika meno. Akasema Chepngeno ameshaikagua. Ameshaikagua! Alipanda hadi kwenye chai yangu akaikagua, nami nilikuwa nimeenda kuteka maji.

Baridi ya Julai ikapita. Chai ikaanza kutoa tena, na kila asubuhi nilipanda juu kabla ya wengine, nikachuma kwa mkono kama mtu anayeaga. Nilijua wiki yoyote Chepngeno ataingia mle na ile sauti ya mashini, nami nitakuwa mwanamke wa kukaa uani na kuku.

Siku yenyewe mvua ilikuja baada ya chakula cha mchana, kama ilivyo kawaida yake, lakini ikaja na mawe. Chepngeno alikuwa shamba la chini. Alirudi amelowa, mashini ameifunika kwa mtandio wake, na mkoba wa betri ukichuruzika maji. Nilimwona kutoka mlangoni kwangu. Akaingia jikoni kwake, moshi ukaongezeka.

Mvua ilipokatika nilikwenda kuomba moto, maana kuni zangu zilikuwa zimelowa. Yeye alikuwa anamenya viazi. Nikainua macho kuona kama mahindi yake yamekauka, maana kila kitu chetu hukaa huko juu ya moto, kwenye tabut, ile dari ya fito: mahindi ya mbegu, kuni, viatu vya mtoto vikilowa, hata Biblia ya marehemu mama mkwe ilikaushwa huko. Na kati ya magunzi nikaona betri. Alikuwa ameilaza juu ya mwiko wa ugali, kwa heshima kabisa, moto ukiwaka chini yake.

Ilikuwa imefura. Umewahi kuona ndama aliyekula majani yenye umande, tumbo linavyovimba upande mmoja na ngozi inakazana? Hivyo hivyo. Gamba lake lilikuwa limeachana pembeni, na harufu tamu mbaya ilishuka, si ya moshi.

Nikamwambia, "Chepngeno, toa kile kitu huko juu."

Hakuinua hata macho kwenye viazi. "Fundi alisema pakavu. Wapi pakavu kuliko tabut?"

"Imefura."

"Mama Chepchirchir," akasema, akicheka kwa ule ulimi wake wa kibanda cha chapati, "wivu wako ulikuwa uani. Leo umepanda mpaka darini?"

Ningeweza kwenda zangu. Moto wangu nilikuwa nimeshaupata kwenye kigae. Lakini mtoto wake alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na ukuta, chini kidogo ya hapo. Nilichukua karai la kuoshea vyombo, nikachukua fimbo yenye kulabu ya kushushia vibuyu, nikaivuta ile betri polepole hadi ikaangukia karaini. Ikalia kama chura aliyekanyagwa. Chepngeno akaruka kunipokonya. Nikamwambia abebe mtoto. Kitu fulani katika sauti yangu kilimfanya abebe mtoto.

Nilitoka mbio na lile karai, nikalitupa kwenye udongo mtupu nyuma ya boma la ng'ombe, nikarudi nyuma. Haikungoja. Ilifoka moshi mweupe, kisha ikapiga moto wa rangi ambayo sijawahi kuiona jikoni, ikatapika vipande. Karai likatoboka. Ng'ombe wakavunja lango.

Gibson akaingia bomani wakati huo huo. Aliona mashini iko salama, betri imeungua, na mimi nimesimama hapo na fimbo. Ungekuwa yeye ungefikiri nini? Hakuuliza hata swali. Alisema, "Umeichoma." Akasema tena, mbele ya majirani waliouona moshi wakaja, kwamba nisikanyage chai tena, ya juu wala ya chini, kwa kuwa mkono unaochoma betri kesho utachoma nyumba. Nilimtazama Chepngeno. Alikuwa amemshika mtoto; akageuka akaingia naye ndani.

Usiku ule sikupika. Nilifikiri: atanyamaza, nami ningekuwa yeye ningenyamaza.

Kesho yake Onyiego aliitwa kutoka Sotik aje aone uharibifu. Tulikaa uani, Gibson kwenye kiti, mimi kwenye jiwe. Fundi alizunguka lile karai, akaligeuza kwa mguu, akauliza betri ilikuwa inakaa wapi. Gibson akaninyooshea kidole, akataka kufungua kinywa.

"Ilikuwa kwangu," Chepngeno akasema. "Ililowa. Niliiweka juu ya moto ikauke. Mama Chepchirchir aliniambia niitoe, nikamtukana. Mtoto alikuwa amelala chini yake."

Akasema hivyo, wima, mikono nyuma, kama mtu anayesoma risala. Na unajua Gibson alifanya nini? Alimtazama kwa upendo. Alisema, "Mwanamke wa kweli ni huyu." Mimi niliyeokoa mtoto wake nilikuwa bado niko kwenye jiwe. Hata ukweli, mke mwenzangu aliusema vizuri kuliko mimi, ukamzalia sifa.

Onyiego hakunisifu pia. Alisema betri iliyolowa haikaushwi kwa moto, inafutwa kwa kitambaa na kuletwa kwa fundi. Ikifura haiguswi. "Ungetoa watu wote, mama, uiache. Hiyo ingekulipukia usoni." Kisha akatazama nyumba zetu na kuuliza ile iliyobaki italala wapi. Akataka chumba chenye stima, kisicho na moto, jua lisipige, mtu asilaze nguo juu ya chaja, na ikijaa ichomolewe.

Chepngeno anapika, analala na kuota moto chini ya paa moja. Stima yake iko jikoni. Yangu ni nyumba ya kwanza, ile ya ndoa. Sebule ina sakafu ya simiti na soketi ukutani, baridi kama kaburi, maana hakuna anayekaa humo. Macho yote yakaelekea mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. "Italala kwangu," nikasema. "Na chai ya juu itabaki ya mikono yangu. Kama sivyo, itafutieni kitanda kingine."

Gibson akaanza kucheka, akamtazama fundi, akamtazama Chepngeno. Chepngeno akasema kwa sauti ndogo kwamba kule juu mawe ni mengi kweli. Gibson akakubali, huku akitazama ng'ombe.

Sasa kila jioni Chepngeno huileta betri imefungwa kwa kitambaa. Naiweka juu ya meza ya harusi yangu, naiacha ipoe, kisha naipa stima. Taa ya chaja inawaka nyekundu, inageuka kijani, nami ninachomoa. Naifuta kila siku, si kwa mapenzi. Naifuta kwa sababu ikiharibika watasema ni mimi.

Alfajiri namsikia akikohoa. Anakuja na ule mkoba mtupu mgongoni, anasimama nje kwenye umande. "Hodi, Mama Chepchirchir. Naomba betri."

Mume halali kwangu. Hilo halikubadilika, na kile kicheko bado kinavuka kamba ya nguo jioni. Lakini nikisikia hodi namaliza kwanza kufunga kitambaa changu, nakunywa chai yangu yote, ndipo nachukua kikapu cha kwenda juu na kumfungulia mlango.