Jiwe la Ibri

Enzi zetu, wenzangu mliokulia ughaibuni, mtaa wa Oud Metha, mkisikia wazazi wanasema "twendeni Omani tukatembee," mlijua viza ya mtu imekwisha. Sisi watoto tulikuwa chini ya viza ya baba. Mama, tangu kafeel wake, yule tajiri aliyemdhamini, amwachishe kazi, aliishi kwa viza ya matembezi, na kila ilipokwisha ilibidi avuke mpaka kisha aingie upya. Wengine walikwenda na kurudi siku hiyo hiyo, wamenuna. Mama alikataa. "Kama ni kutolewa," alisema, "basi nitolewe huku natembea."

Akakaanga sambusa, akajaza chai kwenye chupa, tukabanana kwenye Corolla ya baba, mimi na mdogo wangu Idi tukigombania dirisha. Hatukuwa na simu za kuchezea. Tulihesabu ngamia hadi Idi akatapika.

Ndani ya Omani, karibu na mji wa Ibri, tulisimama kuona makaburi ya kale, mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mengine yamebomoka. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alituonya: "Msiokote kitu hapa, hata kijiwe. Wenyewe wamelala." Nikaokota kimoja, cheupe, nikakitia kwenye soksi.

Kesho yake, Maskati, mama alisimama chini ya ngome za Wareno, mikono kiunoni. "Ndio hawa hawa walioijenga ile ya Mombasa," alisema. "Wamekaa weee, na viza hawakuombwa!" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona tena akicheka vile.

Tuliporudi mpakani, ofisa aliifunua pasi ya mama, akairudia tangu mwanzo. Alisema kwa Kiarabu kwamba ameingia mara nyingi mno. "Khalas," yaani basi, imetosha. Baba akamwomba, akamwonyesha sisi watoto. Ofisa akasukuma pasi zetu tatu upande mmoja, ya mama akaiacha peke yake.

Mama hakulia. Alimfunga Idi vifungo vya shati, akaniambia, "Salma, mwangalie mwenzio. Sambusa zilizobaki mgawane." Baba akamtafutia teksi ya kumrudisha Maskati, akapande ndege ya kwenda kwao Tanga.

Mimi nilijua kosa ni la nani. Lilikuwa ndani ya soksi yangu, linanichoma kisigino, na niliogopa kusema.

Siku hizi vijana wanarefusha viza wamelala kitandani, kwa kidole, na mtandao ukikwama dakika mbili wanalalamika wameteseka. Nawacheka, lakini nawaonea wivu. Mama alifariki Tanga mwaka uliofuata, sisi bado tunahangaikia viza yake.

Sasa mimi ni mtu mzima, najua ofisa yule hakuwa na habari na soksi yangu. Hata hivyo mwaka jana niliwapeleka wanangu Ibri, nilirudishe lile jiwe. Wao walipiga picha, wakaniita nami niingie, nitabasamu. Nilizunguka kaburi moja baada ya jingine hadi jua likawa kali. Sikukumbuka nilikoliokota.

Nimerudi nalo nyumbani.