Kikopo Kisicho na Lebo

Dada aliyenichora tatuu ya nyuki mkononi, pale Majengo, alianza kwa kunipa asali kwenye kisosi. Alisema mwenye njaa huumia zaidi, na anaweza hata kuzimia. Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Mwamkulu, silambi asali ya mtu hivi hivi. Nilichovya njiti ya kiberiti ndani yake, nikaikwaruza kwenye boksi lake. Ikawaka. Asali iliyochanganywa na maji ya sukari haiwashi njiti, kwa hiyo nikala.

Kisha akatoa kikopo kisicho na lebo, akanipaka mafuta meupe.

"Hii ni ganzi, kaka. Tulia."

Ganzi gani haina jina? Na hiyo haipimwi kwa kiberiti. Nilikichukua kikopo nikakinusa, nikamuuliza amekitoa wapi. Akasema Dar. Nikauliza Dar sehemu gani. Akasema nipumue taratibu, nisikaze mkono. Mashine ya kuchorea ilikuwa inanguruma mkononi mwangu muda wote huo, na mimi bado nauliza habari za kikopo.

Alipomaliza nilikiri kwamba sikuumia sana. Akacheka.

"Hayo ni mafuta ya mgando tu. Wabishi kama wewe nawapa kitu cha kugombana nacho, wanasahau sindano."

Niliondoka nimenuna. Nilipofika karibu na nyumbani mkono ukaanza kuwaka moto, nikasimama katikati ya barabara. Kama yalikuwa mafuta tu, mbona maumivu yamesubiri mpaka sasa?